Njia ya Hewa Kwanza: Kuipoza Injini ya Rotari ya Ndege ya Kujitengenezea

Mezani kwangu, kando ya kikombe cha kalamu, kuna mpira mmoja mwembamba mweusi wenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Ukiushika upande mmoja unavutika na kurudi, kama ilivyo kawaida ya mpira. Ukiuzungusha hadi upande wa pili, kwenye urefu wa kiganja hivi, unakuta umekauka na kung'aa, na ukiukunja kidogo kwa ukucha unakatika kama kashata. Mpira huo ni sili ya maji, yaani kizuizi cha kuyafanya maji yasivuje, ya injini ya rotari, Mazda 13B ya gari aina ya RX-7, ambayo niliinunua kutoka katika kontena la vipuri vya mtumba vya Japani. Kwa mwaka wa pili sasa injini hiyo imefungwa juu ya stendi ya chuma uani kwetu Fuoni, Unguja, ikiwa na gia ya kupunguza mzunguko na propela yake, ikisubiri siku ambayo kiunzi cha ndege kitakamilika na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania itaridhika nacho. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliichemsha. Mimi nusura niichemshe kwa mara ya pili, na leo nataka kueleza nilichokuwa nimekielewa vibaya.

Katika injini ya pistoni, silinda huvuta hewa baridi, huibana, huichoma na kutoa moshi mahali pale pale, kwa hiyo chuma chake hupata joto na ubaridi kwa zamu. Injini ya rotari, ambayo ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel na kuwashwa kwa mara ya kwanza katika kampuni ya NSU mwaka 1957, haina zamu hiyo. Rota yenye pembe tatu huzunguka ndani ya hauzingi, yaani ganda lake, na kila inapomaliza mzunguko mmoja shafti yake huwa imezunguka mara tatu. Mchanganyiko wa hewa na petroli huingia upande ule ule siku zote, na moto huwaka upande ule ule siku zote, penye plagi. Kipande kimoja cha alumini kina ubavu usiopumzika kuungua na ubavu mwingine unaooga hewa mpya muda wote. Alumini hiyo imebanwa katikati ya vyuma vya pembeni kwa boliti ndefu zinazopenya injini nzima, na inapotanuka kupita kiasi huuminya mpira wa sili ndani ya mfereji wake. Maji yakipungua karibu na plagi, au pakikaa povu la mvuke hata kwa muda mfupi, mpira ndio wa kwanza kuumia. Baada ya hapo maji huanza kuingia kwenye chemba ya kuungulia mafuta, moshi unakuwa mweupe asubuhi, na injini inakuwa ya kufunguliwa.

Pamoja na udhaifu huo, nimeichagua kwa moyo mmoja. Ina ujazo wa sentimita 1,308 tu, yaani 654 kwa kila rota. Haina vali, haina pistoni inayokwenda na kurudi, ni ndogo kwa kimo, na watu wanaojitengenezea ndege Marekani na kwingineko wameirusha kwa miaka mingi. Mazda waliiweka kwenye gari la Cosmo mwaka 1967, na mwaka 1991 gari lao la rota nne lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba injini ya aina hii haistahimili kazi ndefu. Inastahimili, ila haisamehe joto. Na anayeruka kutoka Nungwi kwenda Pemba ana takriban kilomita 50 za bahari chini yake, ambako hakuna pahala pa kuegesha ili rejeta ipoe.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la thamostati, kile kifaa kinachofunga na kufungua njia ya maji kulingana na joto lake. Huku kwetu gari likichemsha, kitu cha kwanza ambacho fundi hukitoa ni thamostati, kwa hoja kwamba kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Nami nilikitoa bila kufikiri, nikawasha injini kwenye stendi, na geji ikapanda haraka kuliko siku zilizotangulia. Nikaenda kwa mzee mmoja anayeziba rejeta, ambaye kwa kuchomelea shaba sijaona mkono unaoushinda wake, nikamwamkia na kumweleza shida yangu.

“Kaitoe thamostati, mwanangu,” akaniambia. “Yaache maji yapite yanavyotaka.”

“Nimeshaitoa, mzee wangu. Tangu niitoe ndiyo imezidi.”

Alinyamaza, akaiweka chini rejeta aliyoishika, akanipa kipande cha chaki na kuniomba nimchoree njia ya maji sakafuni. Nilipofika pale thamostati inapokaa, nilichora na kile kitundu kilicho chini yake, ambacho hapo awali sikukitilia maanani, na kabla sijamaliza mzee alikuwa ameshaweka kidole juu yake. Katika 13B, maji ya injini baridi hupita kwenye kitundu hicho na kurudi kwenye pampu bila kufika kwenye rejeta, ili injini ipate joto upesi. Injini ikishapata joto, thamostati hufunguka, na sahani ndogo iliyo chini yake hukiziba kitundu. Ukiitoa thamostati, kitundu kinabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka ndani ya injini huku rejeta ikipata yaliyobaki. Suluhisho ni mojawapo kati ya mawili: irudishe thamostati nzima, au kizibe kitundu kwa boliti. Mimi nimekiziba, kwa sababu sitaki angani kuwepo na kifaa kinachoweza kukwama kikiwa kimefungwa, na nimekubali gharama yake, ambayo ni kusubiri zaidi injini ipate joto kabla ya kuipa nguvu.

Mzee alinipa pia ushauri wa pili, ambao nimeusikia kwa mafundi wengi: kwamba maji yakipita kwenye rejeta kwa kasi sana hayapati nafasi ya kupoa. Kwa heshima zote, hesabu inakataa. Tuseme injini inayotoa nguvu farasi 160 inatakiwa kutupa kilowati 60 za joto kupitia maji, kiasi ambacho nimekitumia katika michoro yangu yote. Pampu ikisukuma lita mbili kwa sekunde, maji yatatoka kwenye rejeta yakiwa yamepoa kwa nyuzi 7 hivi tu. Pampu ikisukuma lita moja, yatapoa kwa nyuzi 14, lakini yatakuwa pia yamepata nyuzi 14 ndani ya injini, na ule ubavu wa plagi utakuwa umebaki na maji ya moto zaidi. Joto linalotoka ni lile lile; kinachobadilika ni jinsi lilivyosambaa. Kwa injini yenye ubavu wa moto na ubavu wa baridi, maji ya haraka ni rehema.

Tatizo langu halisi, kama lilivyo tatizo la wengi waliojaribu kazi hii, halikuwa upande wa maji bali upande wa hewa. Kilowati 60 hizo hizo, zikichukuliwa na hewa inayopanda joto kwa nyuzi 35, zinahitaji kilo 1.7 za hewa kila sekunde, ambazo katika joto letu ni karibu mita za ujazo moja na nusu. Fikiria tangi la plastiki la lita 1,500 lililo juu ya paa la nyumba, kisha fikiria hewa ya kulijaza tangi hilo ikipenya katikati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta yako, kila sekunde moja. Hewa ya kiasi hicho haipiti kwa kubahatisha. Lazima kitu kiisukume, na katika ndege kitu hicho ni mwendo wenyewe.

Hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu kuliko penginepo. Niliamini kwamba rejeta ikitazama mbele hewa itaingia tu, na kwamba ikishindwa dawa yake ni rejeta kubwa zaidi. Aliyelala katika nyumba za Mji Mkongwe analijua jambo hili bila kusoma skuli ya ufundi: chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata kusi ikivuma usiku kucha, kwa kuwa hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Rejeta iliyofungwa ndani ya pua ya ndege bila njia ya kutokea ni chumba cha aina hiyo. Hewa inayofika mbele yake inajaa, inageuka na kupita pembeni, na ukubwa wa rejeta unaongeza uzito na ukinzani bila kuongeza ubaridi.

Kinachotakiwa ni dakti, yaani njia iliyofungwa ya kuiongoza hewa. Mdomo wake wa mbele uwe mdogo, kiasi cha robo ya uso wa rejeta au zaidi kidogo. Kisha uwazi upanuke taratibu hadi kwenye rejeta, ili hewa ipunguze mwendo na mwendo huo ugeuke kuwa shinikizo. Rejeta yangu ina uso wa sentimita 30 kwa 50. Hewa ikiingia kwa mita 36 kwa sekunde kupitia mdomo wa sentimita 20 kwa 20, itaufikia uso huo ikiwa na mwendo wa chini ya mita 10, na zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya mwendo wake inaweza kuwa imegeuka shinikizo la kuisukuma ipenye mapezi, iwapo umbo la dakti halikuiharibu njiani. Neno “iwapo” hapo lina uzito. Kuta zilizonyooka zikiachana kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 7 kila upande, hewa hubanduka ukutani na kuanza kujizungusha yenyewe kama maji nyuma ya nguzo ya gati. Mahali penye nafasi finyu baadhi ya mafundi hutumia umbo la tarumbeta, ambalo hubaki jembamba kwa kitambo na kufunguka ghafla karibu na rejeta, na hilo hufaulu kwa sababu ukinzani wa rejeta yenyewe huisaidia hewa kusambaa.

Dakti yangu ya kwanza niliikunja kwa macho. Nilibandika ndani yake vipande vifupi vya uzi wa kushonea kofia, nikatoboa dirisha dogo la plastiki ubavuni, na alfajiri moja nikaifunga, pamoja na rejeta, juu ya kigari cha mizigo cha ami yangu. Tukashika njia ya kusini kabla watu hawajajaa barabarani, ami akishikilia kilomita 72 kwa saa, ambazo ni mita 20 kwa sekunde, nami nimekaa nyuma nikitazama. Nyuzi za ukuta wa chini zililala vizuri. Za ukuta wa juu zilikuwa zimesimama, zinatetemeka, na mbili zilikuwa zimelala kinyume, zikielekea mbele, kule hewa inakotokea. Nusu ya juu ya rejeta yangu, ambayo niliilipia na kuibeba, ilikuwa haifanyi kazi yoyote.

Pembeni nilikuwa na kipimo cha shinikizo: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nimeupinda kama herufi U na kuutia maji yenye rangi ya biriani ili yasomeke. Kwa mwendo ule hewa yote ikisimamishwa ingeyainua maji kwa milimita 24 hivi. Mbele ya rejeta nilisoma 11. Nilirudi nyumbani, nikairefusha dakti, nikapunguza mwinamo wa ukuta wa juu, nikaziba kwa silikoni na ukanda wa mpira kila upenyo uliozunguka rejeta, kwani hewa ikipata ufa wa kidole haihangaiki na mapezi. Wiki iliyofuata nilisoma 20. Rejeta ilikuwa ile ile.

Upande wa kutokea nao una haki yake. Tundu la nyuma linapaswa kufunguka mahali penye shinikizo dogo, kwa kawaida chini ya tumbo la ndege, na mafundi wengi huweka mlango mdogo unaofunguliwa wakati wa kupanda na kubanwa ndege ikishanyooka. Mwingereza F. W. Meredith, aliyekuwa mtafiti wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba hewa iliyopashwa moto na rejeta, ikibanwa vizuri wakati wa kutoka, hurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea kwa kuiingiza. Ndiyo sababu ndege ya kivita ya P-51 Mustang ilikuwa na lile tumbo lake chini. Sitarajii faida hiyo katika chombo changu. Nikiweza kutoa hewa bila kuikwamisha, nitashukuru.

Mtihani mgumu kuliko yote si mwendo wa kasi bali ni kupanda. Nguvu ya hewa inayosukuma rejeta hukua kwa mraba wa mwendo. Katika noti 140, yaani mita 72 kwa sekunde, hewa yetu ya kisiwani inaweza kuinua maji kwenye ule mpira kwa sentimita 31 hivi; katika noti 70, mwendo wa kupandia, sentimita hizo hushuka hadi chini ya 8. Yaani wakati ambapo injini inatoa nguvu zake zote, pumzi ya rejeta imebaki robo. Ongeza juu ya hapo hali yetu ya hewa. Mahesabu mengi ya ndege huanzia kwenye siku ya mfano yenye nyuzi 15 usawa wa bahari. Maji yenye nyuzi 90 yanayopozwa na hewa ya nyuzi 15 yana tofauti ya nyuzi 75 ya kufanyia kazi. Wakati wa kaskazi, saa nane mchana, hewa ikiwa na nyuzi 32, tofauti hiyo ni 58. Rejeta iliyotosha kwao bila ziada, kwetu imepungukiwa na karibu robo kabla hata ya kuanza. Kwa sababu hiyo sipokei kipimo cha rejeta cha mtu yeyote kabla sijajua alikirushia wapi na mwezi gani, na wala sioni kuwa ni ukaidi.

Kuhusu kuchemka kwenyewe, kifuniko cha rejeta ni kifaa cha kuheshimiwa kuliko bei yake. Kifuniko kinachoshikilia shinikizo la bari 0.9 hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118 usawa wa bahari. Maji yasiyo na kifuniko kizuri, katika futi 10,000, huchemka kwenye nyuzi 90, joto ambalo dereva wa gari angeliona la kawaida. Na tangi dogo la juu lazima liwe juu kweli kweli, si tu ndege ikiwa imesimama uwanjani bali hata pua ikiwa imeinuka, ili hewa na mvuke vipande na kutoka humo badala ya kujikusanya karibu na plagi. Mimi nimevuta kibomba chembamba kutoka sehemu ya juu kabisa ya injini hadi kwenye tangi hilo, na siku ya kwanza nilipokiunganisha niliyaona mapovu yakitoka kwa dakika nzima katika mfumo ambao niliamini umejaa.

Maji ya kisima chetu siyatumii tena. Kisiwa hiki ni mawe ya matumbawe, na maji yake huacha chokaa kwenye rejeta kama yanavyoacha kwenye birika la chai. Tabaka jembamba la chokaa ndani ya njia za maji hulizuia joto lisifike kwenye mapezi. Nanunua maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, na kuyatia dawa ya kuzuia kutu. Kulanti nzito ya nchi za barafu sina haja nayo kwa wingi, kwani hubeba joto kidogo kuliko maji matupu, na hapa hakuna kitakachoganda. Kwa nje adui ni chumvi ya bahari, ambayo hula mapezi ya alumini mpaka yakamomonyoka ukiyagusa. Kila baada ya siku za upepo mkali naisuuza rejeta kwa maji baridi yasiyo ya chumvi.

Imebaki oili, na hapa ndipo nilipo sasa. Katika rotari, oili si ya kulainisha peke yake. Hurushwa ndani ya tumbo la rota kutoka kwenye shafti, na ndiyo inayoipoza rota, kwa kuwa maji hayafiki huko. Wengi waliofanya kazi hii hukadiria kwamba theluthi ya joto lote linalopaswa kutolewa kwenye injini hupitia kwenye oili, na ndiyo maana katika michoro yangu nimeipangia kilowati 30. Rejeta ya oili, basi, si kitu cha kubandikwa penye nafasi iliyosalia. Inadai mdomo wake, dakti yake na tundu lake la kutokea. Ya kwangu ilikuwa imefungwa nyuma ya ile ya maji, ikipokea hewa iliyokwisha kupashwa moto, na oili ilikuwa ikivuka nyuzi 110 wakati maji yako 92. Nimeihamishia upande wa kushoto, peke yake. Bati la dakti limeshakatwa na limebaki kukunjwa, na nyuzi za kofia ninazo za kutosha. Nitaipima mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imekaza, saa nane mchana.